Uzito ulishuka haraka kisha ukagoma, na kitambi kipo palepale. Nifanyeje?

BabaWatatu aliandika:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa mtu anayelijua hili jambo kwa undani, maana nimeshashauriwa na kila mtu na kila mmoja ana lake.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, urefu sentimita 172, uzito kilo 94. Kazi yangu ni ya kukaa mezani. Kiuno nikipima usawa wa kitovu kinasoma sentimita 106. Daktari alinipima presha akasema imeanza kupanda, nipunguze mafuta mwilini kabla hatujafika kwenye vidonge. Sasa hivi situmii dawa yoyote na sukari ilipimwa ikawa sawa.

Nilichofanya ni hiki. Asubuhi sili chochote mpaka mchana. Wanga nimekata karibu wote. Jioni nakimbia nikiwa nimevaa koti zito ili jasho litoke vizuri, nikirudi nalala chali napiga mazoezi ya tumbo mpaka nachoka. Mwanzoni kilo ziliteremka haraka mpaka nikashangaa. Baada ya hapo zikagoma. Suruali zinabana vilevile. Na usiku, wakuu, usiku ndiyo shida: njaa inanishika nafungua friji nakula nilichokikuta.

Naomba kujua kwa nini uzito ulishuka ukasimama, kitambi kinaondokaje, na kati ya chakula na mazoezi nikazanie kipi?

Mkimbiaji_wa_Alfajiri alijibu:

Mkuu ongeza mbio, hakuna njia nyingine. Na kila asubuhi kunywa maji ya vuguvugu yenye limau kabla ya kitu chochote, yanayeyusha mafuta. Koti usiliache, jasho ndiyo mafuta yenyewe yanatoka hayo.

MamaMizani alijibu:

BabaWatatu, hongera kwa kuanza, na pole kwa hiyo njaa ya usiku. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwasimamia watu wanaopunguza mafuta mwilini, nusu ya kazi tunaifanyia jikoni na nusu kwenye mazoezi ya nguvu. Nitakujibu kwa urefu, nivumilie.

Kwanza nianze na kaka yangu Mkimbiaji. Nakuheshimu kwa kuamka alfajiri, lakini la jasho siwezi kuliacha lipite, kwa sababu limewachosha watu wengi ninaowafahamu. Mafuta hayatoki kwa jasho. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walichapisha hesabu yake kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ: mtu akichoma kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka mapafuni kama hewa ya kaboni dioksidi, na kilo 1.6 zinageuka maji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mafuta unaipumua nje. Jasho kazi yake ni kuupoza mwili. Koti linakupandisha joto, unapoteza maji, unapanda mizani unaona pungufu, ukinywa bilauri kadhaa za maji yote yanarudi. Na ukiwa na presha inayopanda, kukimbia ndani ya koti zito ni kuuchosha moyo bila faida. Livue leo. Limau ni tunda zuri, litie kwenye maji ukipenda ladha yake, ila haliyeyushi mafuta ya mtu.

Sasa kile kilichokufurahisha mwanzoni. Ini na misuli huweka akiba ya wanga inayoitwa glaikojeni, kwa mtu mzima takriban nusu kilo, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu kama tatu za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Hizo ni karibu kilo mbili zinazoweza kuondoka ndani ya siku chache wakati mafuta yenyewe hayajapungua kitu. Akiba ikishakwisha, mteremko unasimama. Ndiyo maana ulishangaa, na ndiyo maana suruali haikulegea.

Hapa ndipo ninapowaomba watu wote ninaowasimamia wanisikilize: lengo lako ni kupunguza mafuta na kubaki na misuli. Kilo ni jumla ya vitu vingi, maji, misuli, chakula kilichomo tumboni, mafuta. Mtu anayejinyima kupita kiasi bila kula protini na bila mazoezi ya nguvu anapoteza misuli pamoja na mafuta, anakuwa mwepesi lakini bado ana kitambi, na nguvu hana.

Ili mafuta yapungue lazima uingize nishati kidogo kuliko unayotumia, kwa wiki nyingi mfululizo. Hakuna mlo wenye jina lolote unaokwepa hilo. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kalori 7,700. Kwa umri, urefu na uzito wako, na kazi ya kukaa, makadirio ni kwamba unatumia kama kalori 2,500 kwa siku. Ukila karibu 2,000, unapungukiwa 500 kila siku, ambayo inakupeleka kwenye nusu kilo hivi kwa wiki. Ni makadirio tu. Mwili wako wenyewe utatuambia ukweli baada ya wiki tatu au nne.

Utaniambia, "mbona nakula kidogo na sipungui?" Karibu kila mtu ananiambia hivyo, na anamaanisha. Kuna mama mmoja niliyemsimamia, mpishi hodari, aliyeniapia kwamba sufuria yake ya mboga inaingia kijiko kimoja cha mafuta. Nikamwomba aweke sufuria juu ya mizani ya jikoni, airudishe kwenye sifuri, kisha amimine kama anavyomimina siku zote huku akiangalia dirishani. Akainamisha chupa, akaizungusha mara moja kufuata ukingo wa sufuria, akaifunga. Mizani ilisoma gramu 46. Kijiko cha chakula cha mafuta ni gramu 14 hivi. Kila gramu ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo alichodhani ni kalori 126 kilikuwa 414, na hiyo ni sufuria moja ya siku moja. Hakuwa ananidanganya. Mkono wake ulishazoea, na macho ya mtu yeyote ni mabovu kwa kukadiria mafuta.

Wataalamu waliwahi kulipima hilo kwa umakini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 kwenye New England Journal of Medicine uliwachukua watu waliokuwa wakisema wanakula kidogo sana na hawapungui. Walipopimwa ilionekana miili yao inatumia nishati kama kawaida. Chakula walichoripoti kilikuwa pungufu ya walichokula kweli kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi waliyoripoti yalizidi waliyofanya kweli kwa asilimia 51. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha mlo wako, nakuomba wiki moja ya kupima tu. Kula kama unavyokula, ila mafuta ya kupikia, sukari, karanga, mkate, wali, vyote vipite kwenye mizani na uandike. Na hiyo ya kwenye friji usiku iandike pia. Si adhabu ya maisha. Baada ya wiki chache jicho lako litakuwa limejifunza.

Kwenye sahani, anza na protini. Protini inashibisha kuliko wanga na mafuta, inalinda misuli wakati unapungua, na mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake kuimeng'enya tu, wakati wanga ni asilimia 5 hadi 10 na mafuta ni chini ya hapo. Kwako ningelenga gramu 120 hivi kwa siku, ukizigawa kwenye milo yote. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa kama 30, kikombe cha maziwa 8. Piga hesabu utaona kwamba kufika 120 kunataka upange, hakuji kwa bahati. Halafu nusu ya sahani iwe mboga, robo iliyobaki wanga wako. Ndiyo, wanga. Urudishe. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuata watu 609 kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka mwaka 2018: waliokula mafuta kidogo walipungua wastani wa kilo 5.3, waliokula wanga kidogo kilo 6.0, na tofauti hiyo kitakwimu haikuwa na maana. Chagua mlo unaoweza kuendelea nao.

Vinywaji vyenye sukari ndiyo kitu pekee ninachokuambia ukiache moja kwa moja. Chupa ya nusu lita ya soda ina sukari gramu 50 na kidogo, kalori 200 na zaidi, na haikupunguzii hata tonge moja mezani. Juisi nayo isikudanganye kwa sababu ilitoka kwenye tunda. Tule tunda lenyewe.

Mazoezi ya tumbo unayopiga yanaimarisha misuli ya tumbo, na hiyo ni faida, ila mafuta yaliyo juu yake hayasikii. Mwaka 1971 watafiti waliwapima wachezaji wa tenisi, watu ambao mkono mmoja umefanya kazi kuliko mwingine kwa miaka. Mkono wa raketi ulikuwa mnene zaidi kwa misuli, lakini unene wa mafuta chini ya ngozi ulikuwa sawa pande zote mbili. Mwili ndio unaoamua utoe wapi kwanza, kwa kufuata maumbile uliyozaliwa nayo, jinsia na homoni. Wanaume wengi kitambi kinakuja mapema na mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo la chini ndiyo yanaaga mwisho. Habari njema ni kwamba mafuta ya ndani, yale yanayozunguka ini na utumbo, yanayohusiana zaidi na presha na kisukari, huwa yanaanza kupungua mapema, hata kabla kioo hakijakuonyesha kitu.

Kwa hiyo swali lako la tatu: chakula ndicho kinachopunguza mafuta kwa sehemu kubwa, mazoezi ya nguvu ndiyo yanayoamua unachobaki nacho, na kutembea kunaongeza matumizi bila kukuamshia njaa kali. Mtu wa uzito wako akitembea kilomita 5 anatumia takriban kalori 250 hadi 300. Kwa kula, kalori 300 zinaingia ndani ya dakika tatu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Anzia hapo. Na mrudie daktari wako umwambie unachoanza kufanya.

BabaWatatu aliandika:

Dada MamaMizani, Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili. Leo nimeweka kikaango kwenye mizani kabla ya kukaanga mayai, nikamimina kama kawaida: gramu 33. Nimekaa kimya pale jikoni kwa muda.

Nina maswali matatu yaliyobaki. Jimu siwezi kwenda kwa sasa, nifanye mazoezi gani ya nguvu nyumbani, na goti langu moja linauma nikichuchumaa? Njaa ya usiku nitaimalizaje? Na watu wananiambia nisipokula asubuhi mwili "unazima", unashikilia mafuta. Ni kweli?

MamaMizani alijibu:

Nianze na la kuzima, kwa sababu linawatisha watu wakaacha kabisa. Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapa wanaume 36 waliojitolea chakula pungufu sana kwa wiki 24, ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Miili yao ilipunguza matumizi, mapigo ya moyo yalishuka, walihisi baridi, waliwaza chakula usiku na mchana, walichoka. Lakini waliendelea kukonda. Hakuna mwili wowote uliokataa kutoa mafuta. Chukua mambo mawili hapo: mwili unabana matumizi unapopungukiwa, na upungufu ukiwa mkali, akili yote inageuka kuwa ya chakula. Ndiyo maana ninakupa pengo la kalori 500, siyo 1,200.

Kuruka chakula cha asubuhi si dhambi. Wapo wanaoishi hivyo na wako sawa. Ila kwako wewe tunaona matokeo yake: unafika jioni ukiwa mtupu, unakimbia, halafu unasimama mbele ya friji. Kula asubuhi, na kile chakula cha asubuhi kiwe na protini, mayai mawili au matatu na tunda, au maharage na kipande cha mkate. Chakula cha jioni kisogeze karibu na saa za kulala kidogo na kijaze mboga na maharage, nyuzinyuzi zake zinakaa tumboni. Ukiona bado kuna kitu kinakuvuta saa nne usiku, kipange. Kikombe cha mtindi usio na sukari kilichoandikwa kwenye hesabu ya siku hakiharibu chochote.

Halafu niulize: unalala saa ngapi? Mwaka 2010 kulichapishwa utafiti mdogo wa watu 10 waliopewa mlo uleule wa kupunguza kwa siku 14, kipindi kimoja wakipewa saa 8 na nusu za kitandani, kipindi kingine saa 5 na nusu. Uzito walipungua sawa, karibu kilo 3 kila kipindi. Lakini walipolala vya kutosha, mafuta yaliyotoka yalikuwa kilo 1.4, na walipolala kidogo yalikuwa 0.6 tu. Zilizobaki zilikuwa tishu ambazo ungependa kubaki nazo. Na njaa ilikuwa kubwa zaidi walipolala kidogo. Kwa hiyo anayekesha na simu anajipunguzia misuli.

Sasa mazoezi. Goti kwanza. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Simama mbele yake, miguu upana wa mabega, vidole vya miguu vielekee nje kidogo. Anza kwa kurudisha makalio nyuma, kama unayetafuta kiti gizani, halafu ndipo magoti yakunjike. Wengi huanza na magoti, uzito wote unakwenda mbele kwenye vidole na goti linalalamika. Shuka ukihesabu moja, mbili, tatu, makalio yaguse kiti bila kujitupa, kisha sukuma sakafu kwa kisigino uinuke. Ukiinuka angalia goti lisiingie ndani, lifuate uelekeo wa kidole cha pili cha mguu. Goti likiuma hata hivyo, weka mto juu ya kiti ili usishuke sana, na likiendelea kuuma au likivimba, lionyeshe kwa daktari kabla ya kuendelea. Nimeona magoti mengi yakitulia kwa kubadilisha tu huo mwanzo wa makalio.

La pili ni pushapu, lakini mikono iwe juu ya meza nzito au ukingo wa kitanda, siyo sakafuni. Mwili unyooke kuanzia kisigino hadi kichwa. La tatu, begi la mgongoni lijaze vitabu au chupa za maji, liinamie mgongo ukiwa umenyooka, ulivute hadi ubavuni. La nne, begi hilohilo lishike kwa mikono miwili mbele ya mapaja, rudisha makalio nyuma mpaka lifike chini ya magoti, inuka kwa kukaza makalio. Malizia na planki, yaani kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka bila kusogea. Fanya hivyo siku mbili au tatu kwa wiki, usifuatanishe siku. Kila zoezi lifanye mpaka uone umebakiza mawili ambayo ungeweza kuyafanya vizuri, hapo simama. Likishakuwa rahisi, ongeza kitabu kwenye begi au teremsha mikono kutoka mezani kwenda kwenye kiti. Bila kuongeza ugumu kadiri wiki zinavyokwenda, misuli haioni sababu ya kubaki.

Shangazi_wa_Pwani aliandika:

Nadandia mada, samahani BabaWatatu. Mwanangu MamaMizani, mimi nina miaka 53, hedhi imekoma. Nakula kama nilivyokula siku zote na tumbo linakua. Nimeambiwa baada ya 40 mwili unapoa, hauchomi tena. Je, sisi tumeshapitwa?

MamaMizani alijibu:

Shikamoo shangazi. Hamjapitwa hata kidogo, na nafurahi umeuliza.

Mwaka 2021 Herman Pontzer na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science vipimo vya watu zaidi ya 6,400, kuanzia watoto wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili na misuli ya mtu, matumizi ya nishati yanabaki palepale kuanzia miaka 20 hadi 60, kwa wanawake na wanaume. Ndipo baada ya 60 yanaanza kushuka polepole, chini ya asilimia moja kwa mwaka. Kinachobadilika mapema ni mambo mengine. Misuli inapungua kwa sababu hatuitumii. Tunatembea kidogo kuliko tulipokuwa tunabeba watoto. Na hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka, mafuta yaliyokuwa yanakaa mapajani na makalioni yanahamia tumboni. Hilo la mwisho ni la kweli na halina uhusiano na uvivu wako.

Kwa hiyo kwako mazoezi ya nguvu ni ya lazima zaidi kuliko kwa BabaWatatu, kwa sababu ya misuli na kwa sababu ya mifupa pia, ambayo hupoteza uimara kwa kasi miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Kiti kilekile, begi lilelile. Protini usiiruke kwenye mlo wowote. Na kama pamoja na uzito unahisi baridi kuliko wengine, unachoka bila sababu, ngozi ni kavu, choo ni kigumu, omba upimwe tezi ya shingo. Angalia pia dawa unazotumia, kwani baadhi, kama zile za jamii ya steroidi, huongeza uzito. Usiziache mwenyewe, muulize aliyekuandikia.

Mkimbiaji_wa_Alfajiri aliandika:

Dada nimekusoma. Koti nimelivua. Lakini unataka kuniambia mbio zangu ni bure?

MamaMizani alijibu:

Hapana kaka, usiziache! Mbio zinaujenga moyo, zinasaidia presha, sukari na usingizi, hata kama mizani haijasogea. Na kuna jambo jingine kubwa. Kule Marekani kuna daftari la kitaifa la watu waliopungua na kubaki hivyo, lililoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill. Kuingia lazima uwe umepungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima. Wengi wao hufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, hasa kutembea. Chakula kinakuteremsha, mwendo unakuzuia usirudi ulikotoka. Ongeza tu siku mbili za nguvu kwenye ratiba yako.

BabaWatatu aliandika:

Naanza Jumatatu, milo nimeshaiandika. Dada la mwisho: nipime vipi ili nisije nikachanganyikiwa tena? Na kuna rafiki anataka kunipa chai ya kupunguza tumbo, anasema inafanya kazi usiku huohuo.

MamaMizani alijibu:

Hiyo chai mrudishie kwa heshima. Nyingi za aina hiyo zina majani ya kuharisha. Utumbo mpana unamwaga maji na kinyesi, na kalori zilishafyonzwa mapema kwenye utumbo mwembamba. Ukiizoea, utumbo unazembea na chumvi za mwili zinavurugika. Kwa mtu ambaye moyo wake unaangaliwa, hapana.

Kupima: panda mizani kila asubuhi baada ya choo na kabla ya kula, andika, usiitafakari. Uzito wa mtu hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa chumvi na maji tu. Mwisho wa wiki chukua wastani wa siku saba, linganisha wastani kwa wastani. Ukishuka kati ya nusu kilo na kilo moja kasoro kwa wiki, uko vizuri. Zaidi ya hapo kwa muda mrefu unaanza kula misuli, na kupungua kwa kasi sana kunaongeza hatari ya mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Futi ya fundi cherehani ipitishe usawa wa kitovu, isibane ngozi, pumua nje kwa kawaida bila kuvuta tumbo ndani, soma. Kila baada ya wiki mbili inatosha. Kwa wanaume, juu ya sentimita 102 hatari ya magonjwa ya moyo na sukari huhesabiwa kuwa kubwa, na juu ya 94 huhesabiwa imeanza kupanda. Kwa hiyo kituo chako cha kwanza ni kuvuka 102 kwenda chini, cha pili 94. Baadaye ukiweza kufika 86, nusu ya urefu wako, nitafurahi sana. Wastani wa uzito na kiuno vyote vikikaa palepale wiki tatu hadi nne, punguza kalori 150 au ongeza nusu saa ya kutembea, na kagua tena mafuta ya kikaango. Kumbuka pia mwili wa kilo 86 unatumia kidogo kuliko wa kilo 94, kwa hiyo hesabu ya leo itahitaji kurekebishwa njiani.

Jumatatu anza na mizunguko miwili tu ya kila zoezi. Mapaja yatauma zaidi Jumatano kuliko Jumanne, hiyo ni kawaida, tembea taratibu yatalegea. Na wiki hiyo ya kwanza mizani inaweza kupanda kilo moja hivi, kwa sababu misuli iliyofanya kazi mpya inavuta maji na wanga uliourudisha unajaza akiba yake. Usikate chakula kwa ajili ya namba hiyo. Subiri wastani wa wiki ya tatu, kisha njoo uandike hapa ulichokiona, futi na mizani vyote viwili.